Kufunguliwa kifua mara ya pili: maswali ya waliokwisha kubadilishiwa valvu ya moyo

Ukurasa huu ni wa mtu ambaye tayari ana kovu kifuani. Alibadilishiwa valvu ya moyo, yaani mlango unaoruhusu damu kupita upande mmoja tu, miaka mitano, kumi au ishirini iliyopita, akarudi kazini, akaoa au akaolewa, na sasa kliniki wamemwambia neno ambalo hakutarajia kulisikia tena: itabidi tufungue upya. Maswali yaliyomo ndiyo yanayozunguka kwenye mabenchi ya kliniki za moyo, mengine kwa sauti, mengine kwa kunong'ona baada ya daktari kutoka chumbani. Majibu ni ya jumla. Vipimo vyako na daktari wako ndio wenye neno la mwisho juu ya mwili wako.

Niliambiwa nimepona. Kwa nini nirudi tena mezani?

Kilichobadilishwa ni valvu. Moyo ni uleule, na ugonjwa ulioiharibu valvu ya kwanza huenda bado upo. Kwetu Afrika Mashariki, wengi wanaobadilishiwa valvu wakiwa vijana waliharibiwa na homa ya baridi yabisi, ile inayoanza na mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa vizuri. Homa hiyo haichagui valvu moja ikaiacha nyingine. Mtu anaweza kubadilishiwa valvu ya mitro, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto, halafu miaka kumi baadaye valvu ya aota, iliyo kwenye mlango wa mshipa mkubwa unaotoka moyoni, ikaziba, au ile ya upande wa kulia ikaanza kuvuja.

Sababu nyingine hutegemea aina ya valvu uliyowekewa. Valvu ya mnyama, yaani ya nguruwe au iliyoshonwa kwa utando unaofunika moyo wa ng'ombe, imetibiwa kwa dawa hadi haina uhai. Haioti mizizi na haijirekebishi. Kidogo kidogo chokaa ya mwili hujikusanya juu yake, inakakamaa, mwisho inabana au inachanika. Kwa mtu mzima wa miaka 70 inaweza kudumu miaka 10 hadi 15, pengine zaidi, na wengi hawahitaji kurudi. Kwa kijana wa miaka 20 huchakaa mapema zaidi, kwa sababu mwili wake huweka chokaa kwa kasi na kinga yake ni kali.

Valvu ya chuma (watu huiita hivyo, ingawa vibao vyake ni vya kaboni ngumu) yenyewe haichakai. Matatizo hutokea pembeni yake. Nyama ya kovu inaweza kuota kutoka ukingoni hadi ikazuia vibao kufunguka. Bonge la damu linaweza kuganda juu yake. Mshono unaoishikilia unaweza kuachia sehemu, damu ikapita nje ya valvu badala ya kupita ndani yake. Na valvu ya aina yoyote inaweza kuvamiwa na bakteria.

Watoto wana sababu yao pia. Valvu iliyomtosha mtoto wa miaka minane haitamtosha akifika kumi na nane, kwa maana mwili unakua na valvu haikui.

Je, ni kosa langu, au la daktari wa kwanza?

Mara nyingi si la yeyote. Valvu ya mnyama iliyochakaa baada ya miaka kumi na miwili imefanya kazi yake. Ila tusidanganyane: aliyeacha warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, miezi mitatu kwa sababu alijisikia mzima amejiweka kwenye hatari kubwa ya bonge la damu, na hilo lazima daktari alijue kabla ya kupanga lolote. Sema ukweli hata kama unaona aibu. Hakuna atakayekufukuza.

Nitajuaje kwamba valvu imeanza kuchoka?

Dalili za kawaida ni zilezile ulizozijua mara ya kwanza: pumzi kukatika ukipanda ngazi uliyokuwa unaipanda bila shida, kulala kwa mito miwili au mitatu, miguu kuvimba jioni, kukohoa usiku, kuchoka bila sababu, kizunguzungu au kuzimia. Tatizo ni kwamba zinaingia polepole na mtu anazizoea. Muulize unayeishi naye. Mara nyingi yeye ameona kabla yako.

Kuna dalili ambazo hazisubiri tarehe ya kliniki. Kwa mwenye valvu ya chuma, ule mlio wa tiki-tiki ukififia au ukipotea, na hasa pumzi ikibana pamoja nao, nenda hospitali siku hiyohiyo. Homa isiyoeleweka pia. Duka la dawa watakupa dawa ya malaria au antibayotiki, na hapo ndipo mambo huharibika: antibayotiki za kubahatisha hufanya damu ionekane safi maabara wakati bakteria bado wamejificha kwenye valvu. Mwenye valvu bandia akipata homa, damu yake ichukuliwe kuoteshwa kwanza, ndipo antibayotiki zianze. Mweleze hivyo hata mhudumu wa zahanati. Mdomo kwenda upande, mkono kulegea au ulimi kuwa mzito ghafla ni kiharusi. Usimpe mgonjwa chochote mdomoni, mpeleke.

Sijisikii vibaya sana. Kwa nini nisisubiri hadi nizidiwe?

Hili ndilo swali zito kuliko yote, na jibu lake hubadilisha maisha ya watu kuliko aina ya valvu au jina la hospitali.

Upasuaji wa kurudia uliopangwa, kwa mtu anayetembea mwenyewe, ambaye figo na ini vinafanya kazi na misuli ya moyo bado ina nguvu, katika hospitali yenye uzoefu, una hatari ya kifo ambayo huwa ni watu wachache katika kila mia. Upasuaji uleule kwa mtu aliyeletwa kwa machela, presha imeshuka, mapafu yamejaa maji, figo zimegoma au bakteria wamekula ukingo wa valvu, hatari yake hupanda mara kadhaa. Daktari ni yuleyule na chumba ni kilekile. Kilichotofautiana ni hali aliyofika nayo mgonjwa.

Valvu inapovuja au kubana, moyo hujitahidi kufidia. Chumba cha kushoto kinapanuka au kinanenepa, presha ndani ya mapafu inapanda, kisha upande wa kulia unalemewa, ini linavimba, tumbo linajaa maji. Kwa muda mrefu mtu huyu anaweza kusema "sijambo". Ikifika mahali misuli imechakaa, kubadilisha valvu hakuirudishi yote. Ndiyo maana daktari anaweza kukwambia upasuliwe kwa kuangalia vipimo vya eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), wakati wewe bado unakwenda shambani.

Lakini pia si kila valvu inayochoka inahitaji kufunguliwa leo. Uvujaji mdogo unaweza kufuatiliwa kwa miaka. Muulize daktari maswali mawili: tunasubiri nini hasa kwenye eko, na tukikiona, kutoka siku hiyo hadi siku ya upasuaji ni muda gani? Kama jibu la pili ni mwaka mzima kwa sababu ya foleni au fedha, basi maandalizi yaanze sasa, si siku hiyo.

Mara ya pili ina ugumu gani ambao ya kwanza haikuwa nao?

Ugumu mkubwa ni kovu la ndani. Mara ya kwanza moyo ulikuwa umelala huru ndani ya mfuko wake. Baada ya upasuaji hushikamana na kila kilicho karibu, na mara nyingine hugandana na upande wa nyuma wa mfupa wa kidari kama ukoko ulioshika sufuria. Msumeno unaokata mfupa huo unaweza kugusa chumba cha kulia cha moyo au mshipa mkubwa, damu ikamwagika kabla mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu haijaunganishwa.

Madaktari wanalijua hilo na hujiandaa. Utapigwa CT-scan ya kifua ili waone umbali kati ya mfupa na moyo. Wakiona umekaribiana mno, wanaweza kuandaa mishipa ya kwenye paja au chini ya bega na kukuunganisha na mashine ya moyo na mapafu kabla ya kugusa kidari. Hutumia msumeno unaotikisika kidogokidogo badala ya ule unaochana moja kwa moja. Nyaya za zamani zilizofunga mfupa hukatwa na kutolewa. Vibandiko vya kushtua moyo huwekwa mgongoni na ubavuni tangu mwanzo, maana moyo ukienda mrama mapema hakutakuwa na nafasi ya kuufikia kwa ndani.

Kwa hiyo tarajia upasuaji mrefu zaidi, damu nyingi zaidi ya kuongezewa, na uwezekano mkubwa zaidi wa kuhitaji kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, hasa kama valvu ya zamani ililiwa na bakteria karibu na njia za umeme za moyo.

Nimesikia siku hizi wanapitisha valvu kwenye paja bila kufungua kifua. Si nifanyiwe hivyo?

Inawezekana kwa baadhi. Valvu ya kwanza ya aota kuwekwa kwa mrija ndani ya mwanadamu iliwekwa na Alain Cribier huko Rouen, Ufaransa, mwaka 2002. Tangu hapo imewezekana kuingiza valvu mpya iliyokunjwa, ikapanuliwa ndani ya valvu ya mnyama iliyochakaa, ile ya zamani ikabaki kama fremu ya mpya. Kwa mzee aliyechoka ambaye kufunguliwa tena kungemmaliza, hii ni neema.

Masharti yake ni makali. Haifanyiki ndani ya valvu ya chuma: vibao vyake havipasuki vikaacha nafasi. Haifanyiki kukiwa na bakteria. Kama valvu ya zamani ilikuwa ndogo, kuweka nyingine ndani yake kunafanya tundu liwe dogo zaidi, na moyo utaendelea kusukuma dhidi ya mlango mwembamba. Halafu bei: valvu hizi ni ghali kuliko za kushona, na kwa nchi zetu hilo peke yake mara nyingi ndilo linalofunga mjadala. Uliza hata hivyo. Ukiambiwa haiwezekani kwako, uliza sababu ni mwili wako, ni valvu yako, au ni fedha. Hayo ni majibu matatu tofauti, na la mwisho huweza kutafutiwa njia.

Safari hii nichague valvu ipi?

Kama uliwekewa ya mnyama na sasa una miaka 35, wengi watakushauri ya chuma ili usirudi mara ya tatu. Bei yake ni warfarini kila siku maisha yote na kupima INR (kipimo cha damu kinachoonyesha nguvu ya warfarini) bila kuchoka. Kama ya chuma iliganda kwa sababu unaishi mahali ambapo INR hupimwi mpaka upande basi nusu siku, kukuwekea nyingine ya chuma ni kurudia hesabu ileile na kutarajia jibu jingine. Hapo ya mnyama inaweza kuwa na busara zaidi, huku ukijua ina mwisho.

Mimi naona swali la umri hupewa uzito kupita kiasi, na swali la umbali kutoka kwenye kipimo cha INR hupewa uzito kidogo mno. Kijana wa Dar es Salaam mwenye kliniki karibu na kijana wa kisiwani anayesubiri boti si mgonjwa mmoja, hata kama eko zao zinafanana.

Mara nyingine valvu inaweza kurekebishwa badala ya kubadilishwa, hasa ya mitro au ya upande wa kulia. Kwa wachache wenye tatizo la valvu ya aota kuna upasuaji wa kuhamisha valvu yako mwenyewe ya mapafu na kuiweka kwenye aota, uliobuniwa na Donald Ross mwaka 1967. Ni kazi ya mikono yenye uzoefu mkubwa, na kwenye kifua kilichokwisha kufunguliwa huwa ngumu zaidi.

Mimi ni mwanamke, na bado nataka mtoto.

Liseme hili mwanzoni kabisa, hata kama mama mkwe ameketi pembeni. Ikibidi, omba kuonana na daktari peke yako.

Warfarini hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Kati ya wiki ya 6 na ya 12 ya mimba inaweza kuharibu umbo la pua na mifupa, na baadaye inaweza kusababisha kuvuja damu kwenye ubongo wa mtoto. Hatari hupungua kama dozi yako ya siku haizidi miligramu 5, lakini haiishi. Heparini ya sindano, nayo ya kuzuia damu kuganda, haivuki kondo, ila inailinda valvu ya chuma kwa udhaifu zaidi, na valvu ikiganda ni hatari kwa mama na mtoto wote. Kwa hiyo mimba yenye valvu ya chuma inawezekana, na wapo waliozaa, lakini ni mimba ya kupangwa na daktari wa moyo na wa uzazi wakikaa meza moja. Karibu na wiki ya 36 warfarini hubadilishwa kuwa heparini ili mtoto asivuje damu wakati wa kuzaliwa. Kunyonyesha ukiwa kwenye warfarini hakuna shida.

Ndiyo maana wanawake wengi vijana huchagua valvu ya mnyama wakijua kabisa kwamba watafunguliwa tena baada ya kuzaa. Huo si uzembe wala kukosa akili. Wamechagua miaka kumi ya kulea bila hofu ya dawa, na wamekubali kulipa baadaye. Aliyekwisha chagua hivyo asilaumiwe siku ya kurudi mezani.

Mimba ikiingia bila kupangwa ukiwa kwenye warfarini, usiache dawa kwa hofu. Nenda kliniki wiki hiyohiyo.

Mimi ni Mwislamu. Nikipewa valvu ya nguruwe?

Uliza kabla. Zipo za utando wa ng'ombe, na zipo za kaboni, kwa hiyo mara nyingi kuna la kuchagua. Wanazuoni wengi wameruhusu ya nguruwe pale penye dharura ya uhai na pasipo mbadala. Zungumza na sheikh unayemwamini mapema, wala si asubuhi ya upasuaji ukiwa umekwisha kuvishwa gauni la kijani.

Nimechoka na warfarini. Hakuna dawa mpya zisizohitaji kupimwa?

Zipo kwa magonjwa mengine. Kwa valvu ya chuma, hapana. Dabigatrani ilijaribiwa na utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati, mwaka 2012, kwa sababu waliotumia waliganda damu na kuvuja damu zaidi ya waliokuwa kwenye warfarini. Apiksabani nayo ilijaribiwa kwenye valvu moja ya aota, na utafiti huo ukasimamishwa mwaka 2022. Mtu akikuletea dawa hizo kutoka nje kama zawadi, mshukuru na usimeze.

Kwa kawaida INR hulengwa kati ya 2 na 3 kwa valvu ya chuma ya aota, na kati ya 2.5 na 3.5 kwa ya mitro. Daktari wako anaweza kukuwekea lengo tofauti. Hilo ndilo la kufuata. Mchicha, kisamvu, matembele, majani ya kunde na sukuma wiki hupunguza nguvu ya warfarini. Watu wengi huambiwa waache mboga, jambo ambalo ni kero na halihitajiki. Kula kiasi kilekile wiki hadi wiki. Kinachovuruga ni kukaa bila mboga mwezi mzima, kisha mvua ikinyesha unakula kisamvu kila siku.

Dawa nyingine ni hatari zaidi ya mboga. Metronidazoli, Septrin na flukonazoli hupandisha INR kwa nguvu. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha vibaya, na ukianza au ukimaliza dawa za TB INR ipimwe mara kwa mara. Diklofenaki na ibuprofeni, zile ambazo kila duka lina kopo lake, huchokonoa tumbo na kuvujisha damu. Kwa maumivu ya kawaida tumia parasetamoli. Dawa za mitishamba hazina kipimo kinachojulikana, na hapo ndipo hatari yake ilipo.

Nijiandae vipi, na nibebe nini?

Karatasi kwanza. Daktari anayefungua kifua kwa mara ya pili anahitaji kujua alichokifanya wa kwanza: valvu ya kampuni gani, ukubwa wa namba ngapi, ilishonwa vipi, kulikuwa na tatizo gani. Ulipewa kadi ndogo ya valvu na muhtasari wa kuruhusiwa. Kama ulipasuliwa India, andika barua pepe hospitali hiyo ukitaja namba yako ya faili, wengi hujibu. Waliopasuliwa katika Kituo cha Salam kule Khartoum, kilichofunguliwa mwaka 2007 na kuhudumia bure wagonjwa kutoka nchi nyingi za Afrika, wanajua vita iliyoanza Aprili 2023 ilivyovuruga mambo. Nakala yoyote uliyonayo nyumbani, hata iliyoliwa na mende pembeni, ipigwe picha leo na itumwe kwa ndugu wawili.

Meno yakaguliwe na yaliyooza yang'olewe kabla, kwa sababu kinywa ni mlango mmojawapo wa bakteria. Vipimo vingine ni eko ya kawaida na mara nyingi ile ya kupitishwa kooni, figo, ini, na kwa waliovuka umri fulani, picha ya mishipa inayolisha moyo. Warfarini husimamishwa siku chache kabla, kwa kawaida kama tano, na wengi huwekwa kwenye heparini katikati. Usiisimamishe mwenyewe kwa kuhesabu vidole. Ngoja uambiwe tarehe.

Damu itahitajika zaidi ya mara ya kwanza. Waambie ndugu waanze kuchangia mapema, na wajue kwamba mchangiaji si lazima awe wa kundi lako, benki ya damu hupanga.

Wapi, na kwa fedha gani?

Tanzania, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoko Muhimbili ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa tangu ilipokuwa taasisi inayojitegemea mwaka 2015. Kenya ina Kenyatta, Tenwek kule Bomet na hospitali kadhaa za binafsi Nairobi. Uganda ina Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago, na Kigali kuna King Faisal. Swali la kuuliza popote uendapo ni moja: mmefanya upasuaji wa kurudia mara ngapi mwaka huu? Daktari mzuri hachukii kuulizwa hivyo.

Kuhusu bima, NHIF Tanzania au SHA Kenya, usisubiri tarehe ya upasuaji ndipo uulize inalipa nini. Omba hospitali ikupe makadirio kwa maandishi, yakiwa na valvu, siku za ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) na damu. Kurudia huwa ghali kuliko mara ya kwanza kwa sababu ya muda na siku za kulazwa, kwa hiyo usipange bajeti kwa kukumbuka ulicholipa zamani.

Nitaamka vipi?

Ukiwa ICU, na mpira kooni unaokuzuia kuongea. Hilo unalikumbuka. Mirija ya kutoa damu kifuani, mpira wa mkojo, nyaya nyembamba zinazotoka chini ya kidari. Mara ya pili wengi hukaa kwenye mashine ya kupumulia kwa muda mrefu kidogo. Baadhi huchanganyikiwa siku za mwanzo, wakaona watu wasiokuwepo au wakadhani wauguzi wanataka kuwadhuru. Ndugu wasiogope wala kukimbilia kusema mgonjwa amerogwa. Hupita kwa siku chache, na sauti ya mtu wa nyumbani husaidia.

Na nikirudi nyumbani?

Mfupa wa kidari huchukua kama wiki 12 kushika sawasawa. Usibebe ndoo ya maji, usinyanyue mtoto, usivute mlango mzito, usiendeshe pikipiki. Ukikohoa kumbatia mto kifuani. Ukisikia mfupa unabofyeka au mshono unatoa majimaji, rudi. Tembea kila siku, ukiongeza kidogo. Tendo la ndoa huruhusiwa ukiweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kuhema, kwa mkao usiobebesha kifua uzito. Wanaume wengi hawaulizi na wanaishi na hofu bure.

Huzuni nayo huja, na mara ya pili huja nzito zaidi. Mtu analia bila sababu, hataki wageni, hali chakula. Mwambie daktari kama unavyomwambia kuhusu uvimbe wa miguu.

Kufunga Ramadhani miezi ya mwanzo haishauriwi. Baadaye wengine huruhusiwa, lakini anayemeza dawa za kutoa maji aulize kwanza.

Sindano ya Penadur (penisilini ya kudumu mwilini kwa wiki kadhaa) bado ninaihitaji?

Kama ugonjwa wako ulitokana na homa ya baridi yabisi, ndiyo, kila wiki tatu au nne, hadi daktari atakaposema basi. Valvu bandia haikuondolei homa hiyo, na inaweza kushambulia zile zilizobaki. Ukiwa kwenye warfarini mwambie anayekuchoma, INR iwe ndani ya kiwango, na sehemu iliyochomwa ikandamizwe kwa dakika kadhaa. Ukienda kung'oa jino unahitaji pia antibayotiki kabla, kwa kawaida amoksilini gramu 2 kama saa moja kabla ya kung'olewa, isipokuwa kwa mwenye mzio wa penisilini. Warfarini usiisimamishe mwenyewe kwa ajili ya jino.

Nikikataa kufunguliwa tena?

Ni haki yako. Kataa ukiwa umeshaelezwa nini kitafuata, na usikatae kwa kukimbia kliniki. Dawa za kutoa maji na kupunguza mzigo wa moyo zinaweza kukupa muda na nafuu hata bila upasuaji, na daktari atakufuatilia kwa heshima ileile. Wengine hukataa mara ya kwanza wakakubali miezi sita baadaye. Mlango ukiwa haujafungwa, hilo linawezekana.

Kutakuwa na mara ya tatu?

Huenda, hasa kama wewe ni kijana na umechagua tena valvu ya mnyama. Mara ya tatu hufanyika. Arnold Schwarzenegger, mcheza filamu aliyewahi kuwa gavana wa California, alizaliwa na kasoro ya valvu ya aota; alipasuliwa mwaka 1997, akarudi 2018 ambapo walianza kwa mrija na ikabidi kifua kifunguliwe, kisha akawekewa valvu nyingine ya aota mwaka 2020. Yeye ana fedha na hospitali bora, ni kweli, lakini kovu la ndani halimjui tajiri.

Unachoweza kufanya sasa ni kuzungumzia mara ya tatu kabla ya mara ya pili. Muulize daktari wa upasuaji kama ataweza kukuwekea valvu kubwa kiasi kwamba siku moja nyingine iingie ndani yake kwa mrija. Muulize kama atafunika moyo kwa utando kabla ya kufunga kidari, ili atakayefungua baadaye apate njia. Na ukiruhusiwa, usitoke wodini bila kadi mpya ya valvu na ripoti ya upasuaji yenye jina la valvu, namba yake na ukubwa wake.